Siku Mayai ya Mtaa Mzima Yalipoelea

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize mapema. Yule kijana wa Ziwani aliyefanya watu watoke nje Jumamosi asubuhi na mayai mikononi, wengine wakiwa bado wamejifunga taulo, ni mimi. Kuna wanaosema alikuwa binamu yangu. Binamu yangu siku hiyo alikuwa Thika, mwacheni.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa maneno. Nikiingia dukani nikakuta watu wawili natoka nje nasubiri wapungue, na wakiongezeka narudi nyumbani bila sukari. Shule niliishia darasa la nane na katika miaka yote hiyo sikuwahi kunyoosha mkono, hata nilipotaka kwenda chooni (hiyo ni aibu nyingine, ina siku yake). Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba kuna siku nitapiga kelele mbele ya umati, ningemwona mgonjwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na yote yalianza kwa sababu nilitaka kutunza maji.

Siku hiyo dada yangu Zuhura alikuwa anaposwa. Wageni walikuwa wanatoka mtaa wa Fedha na wangefika baada ya alasiri, na Nyanya, ambaye ndiye anayetulea (ni mtu wa Mombasa, na hakuna anayeruhusiwa kulisahau hilo), alikuwa ameshapanga kila kitu: nani atapika pilau, nani atawapokea wageni mlangoni, nani atanyamaza. Wa kunyamaza ni mimi. Mkate wa mayai ulikuwa kazi ya Zuhura, lakini asubuhi hiyo alipakwa hina mikono na miguu, akaketishwa uani kwenye kiti cha plastiki, miguu imenyooshwa mbele kama mtu aliyevunjika, na haruhusiwi kugusa kitu mpaka ikauke. Basi mkate ukawa wangu.

"Ni kupiga mayai na sukari mpaka mkono ukatae," Nyanya aliniambia huku akivaa buibui lake aende sokoni kutafuta ndimu. "Lakini mume wangu, kabla hujavunja, kila yai lipime kwenye maji. Likizama ni zima, likielea litupe. Yai moja bovu linatosha kunifukuzia wakwe."

(Ananiita mume wangu tangu nizaliwe. Ni mambo ya nyanya na wajukuu. Ila usiombe akuite hivyo mbele ya vijana wa bodaboda.)

Mayai nilikuwa nimeyanunua kwa Mama Nduku, trei nzima. Mama Nduku ni Mkamba mmoja mpole, anauza mayai kwenye meza karibu na lango la mtaa, chini ya mwavuli ambao zamani ulikuwa mwekundu. Ukifika nyumbani ukakuta yai lina ufa, unalirudisha, anakubadilishia wala hakuulizi umeangukia wapi. Mimi nampenda kwa jambo moja, kwamba hanisemeshi sana. Ananiona, anafunga mayai, ananipa. Na wiki hiyo alikuwa na furaha ambayo hata mimi niliiona, kwa sababu Bwana Shaban, mwenye hoteli ya chapati pale kona, alikuwa amemwambia kwamba kuanzia Jumatatu mayai yote ya hoteli atachukua kwake. Mama Nduku alishaleta trei za ziada. Alikuwa amezipanga nyuma yake zikamfika begani, akazifunika leso vizuri kama mtu anavyofunika mtoto.

Sasa maji. Bomba letu hutoa maji siku inazozijua lenyewe, na wiki hiyo lilikuwa halijajua. Jikoni kulikuwa na mtungi mmoja tu uliojaa, na huo ulikuwa wa wageni: chai yao, sharubati yao, maji yao ya kunawa. Lakini chini, pembeni ya jiko, kulikuwa na beseni jeupe limefunikwa sinia, na nilipofunua nikaona maji masafi kabisa, yametulia, hata kisosi ungekiona chini. Kwenye ukingo kulikuwa na utando mweupe kidogo. Nikasema hiyo ni sabuni. Nikajiambia, Omari, kwa nini ufungue mtungi wa wageni kwa ajili ya kupima mayai na maji haya hapa yamekaa bure? Nikajiona nina akili sana. Ningependa mkumbuke hapo, maana ndipo mahali pa mwisho katika mkasa huu ambapo nilijiona hivyo.

Nikalibeba beseni mpaka uani kwenye mwanga, nikatia yai la kwanza. Likaelea. Nikaliweka kando, nikatia la pili, likaelea. La tatu, la nne, mpaka nikachoka kuyatoa nikayaacha humo humo, na trei ilipoisha yote yalikuwa juu, kila moja limetoa kipara nje ya maji, kama wazee wa kamati waliokwenda kuogelea.

"We Omari," Zuhura akasema kutoka kwenye kiti chake, "hayo yote ni mabovu?"

"Yanaelea."

"Yote?"

"Yote."

"Basi kamwambie Mama Nduku!"

Nilikwenda mpaka nikamwona. Alikuwa na wateja watatu, akicheka nao. Nikasimama nyuma ya nguzo ya umeme nikingoja wapungue, wakaongezeka, nikarudi nyumbani. Mtu mwingine angekaa kimya hapo, mambo yakaisha. Mimi nikatoa simu. Tuna kundi letu la mtaa kwenye simu, la kutangaziana misiba na maji yakirudi, na nikaona kwamba kuuliza kwa maandishi ni adabu zaidi kuliko kumwaibisha mama wa watu mbele ya wateja. Mimi kuandika kunanichukua muda, nilifuta nikaandika tena, na mwisho nikatuma hivi: "Asalaam aleikum na habari za asubuhi. Naomba kuuliza kwa heshima. Mayai ya Mama Nduku ya leo yanaelea yote. Je, ni kawaida?"

Nikaridhika sana na ule mstari wa heshima.

Kabla sijarudisha simu mfukoni geti la uani lilikuwa limeshafunguliwa. Wa kwanza alikuwa jirani wa mlango wa pili na mayai yake kwenye bakuli, naye alinunua kwa Mama Nduku jana. Angeweza kuyapima kwake, lakini nani atamwaga maji kwenye sufuria yake wiki kama ile? "Beseni si liko hapa tayari," akasema, akatia. Yakaelea. Akashika kifua. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine, na kila mtu akasema vile vile, beseni si liko hapa, na kila yai lililoingia likaelea. Kijana mmoja wa bodaboda akaja na yai moja tu, alilokuwa amepanga kulikaanga, akalitazama likiogelea akasema, "Buda, haya ni mayai ama ni mipira?"

Kisha mama mmoja akaleta yai la supamaketi, lina mhuri wa rangi. Hapo nikapata matumaini kidogo, nikasema hili likizama tutajua. Likaelea, mhuri juu. Nilidhani sasa watu watashtuka, wajiulize kuna nini. Wakashtuka kweli.

"Kumbe hata supamaketi wanachukua kwake!"

Wakati huo ndipo Bwana Shaban alipofika. Bwana Shaban ni mtu mzito kwa mwili na kwa maneno, alipita shule nyingi na anapenda kueleza. Watu wakampisha. Akalitazama beseni kwa muda mrefu, mikono nyuma, halafu akaomba kijiko. Akakiachia. Kikazama, kikagonga chini, tiing.

"Kijiko ni chuma," akasema. "Chuma ni kizito kuliko maji, kinazama. Leteni sufuria."

Zuhura akanielekeza kwa kidevu ilipo, nikaleta. Akaiweka juu ya maji kati ya mayai. Ikaelea.

"Nayo ni bati la chuma lakini inaelea. Kwa nini? Umbo. Ina tumbo wazi, inasukuma maji mengi pembeni, maji yanaibeba. Ipindue ijae uone itakakokwenda." Akageuka kwa watu. "Kwa hiyo maji haya ni mazima, yanazamisha cha kuzama na kubeba cha kuelea. Maji hayana kosa. Sasa yai lina umbo gani? La yai. Halina tumbo wazi. Likielea ni kwamba ndani kuna hewa, na hewa ya ndani ya yai, mabibi na mabwana, si ya Mungu. Ni ya uvundo."

Watu wakasema "Eeeh." Mimi pia nilisema "Eeeh," maana alieleza vizuri.

Pale pale kiazi kikamwangukia mama mmoja kutoka kwenye mfuko wake, kikapiga maji, kikaenda chini, kikarudi juu, kikatulia kati ya mayai.

Watu wakarudi hatua moja nyuma.

"Hata viazi," mtu akasema polepole.

"Ni hizi dawa wanazonyunyizia," Bwana Shaban akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo.

Halafu umati ukagawanyika, na Mama Nduku akaingia. Alikuwa ameacha meza yake peke yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nyuma yake kulikuwa na watu wawili wanaorudisha trei wakidai pesa zao. Mkononi alishika yai moja. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Omari mwanangu, si ungekuja kuniambia?"

Ningependa kusema nilimjibu. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Hili limetagwa asubuhi hii," akawaambia watu, "na kuku wangu mwenyewe. Lishikeni, bado lina joto." Wakalipokezana, kweli lilikuwa na joto. Akalirudisha mkononi, akaliinua juu ya beseni, akasema, "Kama mimi nauza uvundo, basi na huyu kuku wangu anataga uvundo." Akaliachia.

Likaanguka, likapasua maji, likashuka, likashuka, mpaka karibu na kijiko. Watu wote tukainama nalo. Nilimwona Mama Nduku akianza kutoa pumzi. Kisha lile yai likasita, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, likageuka, likarudi juu taratibu na kutoa kipara chake.

"Mama," Bwana Shaban akasema, na hakumtazama, "ile habari ya Jumatatu, tuiache kwanza."

Mama Nduku alikunja leso yake begani, akaikunjua, akaikunja tena. Uso wangu ulikuwa unawaka moto, jasho linanitoka, na kwa kuwa sikujua niuweke wapi uso huo nikainama pale kwenye beseni, nikachota maji kwa mikono miwili, nikanawa.

Sijui kama mmewahi kutia pilipili machoni. Haikuwa pilipili, lakini ilikuwa ndugu yake. Macho yakafunga yenyewe. Maji yakaniingia mdomoni, na hapo nikajua kila kitu kwa mkupuo mmoja: ule utando mweupe ambao haukuwa sabuni, lile sinia la kufunikia, Nyanya kwenda kutafuta ndimu. Ndimu za nini? Za achari. Na achari, kabla ya ndimu, ni nini? Maji yaliyochemshwa na chumvi, chumvi tele, yakaachwa yapoe.

"Ni chumvi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Hiyo ndiyo sauti yangu ya kawaida.

"Muoneni, Omari analia," Zuhura akasema. "Jamani mwacheni, ana uchungu na mkate."

"Ni chumvi," nikasema tena.

"Anasema nini?"

"Anaomba msamaha."

Nikiwa kipofu hivyo, sioni umati wala Bwana Shaban wala mtu yeyote wa kumwonea haya (sasa naamini hilo ndilo lililonisaidia), nikafungua mdomo nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao: "NI CHUMVI! MAJI YANA CHUMVI! MAYAI NI MAZIMA! MAMA NDUKU HANA KOSA!" Mbwa wa nyuma ya msikiti wakabweka. Zuhura anasema niliendelea hata baada ya watu kunyamaza, nikarudia habari ya Mama Nduku mara kadhaa, na nilikuwa nimeugeukia ukuta.

Bwana Shaban akachovya kidole, akalamba. Nasikia uso wake ulikunjika kama kitambaa cha meza.

"Mazito," akasema. "Maji mazito. Yanabeba."

"Basi tupime kwa maji ya kunywa," Mama Nduku akasema. "Nani ana maji ya kunywa?"

Mtaa mzima ulikuwa pale na kila mtu akatazama pembeni. Mwingine alikumbuka ameacha mtoto peke yake. Siwalaumu, wiki ile ungeweza kuomba figo ya mtu kabla ya kumwomba maji. Nikaingia jikoni nikipapasa ukuta, nikatoka na mtungi wa wageni.

"Omari!" Zuhura akapiga yowe. "Wakwe watakunywa nini?"

Nikamimina kwenye karai. Mama Nduku akalichukua lile yai lake, akalifuta kwa leso, akaliweka ndani polepole. Likaenda chini moja kwa moja, likalala ubavu, halikusogea tena. Akatia la pili, likalala kando ya mwenzake. Tukapima mpaka sehemu ya chini ya karai ikajaa, hata lile la supamaketi, hata kiazi. Na walioshuku bado wakavunja yao kwenye bakuli, kiini kimesimama kama kitufe, wakaona aibu kuondoka nayo wakayaacha.

Nyanya alituingilia hapo, kapu la ndimu mkononi. Akalitazama beseni, lenye mayai, manyoya mawili na udongo wa kiazi.

"Nani," akasema, "ameogesha kuku ndani ya achari yangu?"

Wote wakanionyesha. Nikamweleza kwamba mayai yalielea.

"Lazima yaelee! Nyanya yangu alikuwa anapima achari kwa yai. Likielea, chumvi imetosha, haiozi. Lisipoelea, unaongeza." Akanitazama macho yangu mekundu. "Mume wangu, umetangaza mtaa mzima kwamba achari yangu imekolea. Ahsante. Sasa maji hayo yamwage."

Wakwe walikuja. Walikula mkate mkubwa kuliko walivyouzoea, kwa sababu ya mayai yote yale yaliyovunjwa, na walinywa soda, kwa sababu hapakuwa na kingine, wakasema kumbe watu wa Ziwani ni wakarimu. Posa ilikubaliwa. Lakini mimi akili yangu ilikuwa langoni, maana Mama Nduku kabla ya kuondoka alinishika bega akaniambia, bila hasira, jambo ambalo afadhali angenipiga.

"Kesho uje ukae mezani kwangu. Uwaambie kwa mdomo. Kwa simu ulishasema."

Basi Jumapili nilikaa pale chini ya mwavuli, karai la maji safi mbele yangu (Nyanya aliyatoa ya udhu wake, na alihakikisha najua), na kila aliyepita ilibidi nimwite, mimi, nimwite mtu kwa sauti, nitie yai kwenye maji mbele yake, niseme, "Yanazama. Karibu." Mwanzoni nilikuwa nawaambia viatu vyao. Kufikia wakati watu wanatoka kanisani nilikuwa nimefika magotini. Watoto wakaja kutazama bure, wakaanza kuitikia: mimi nikitia yai, wao, "Yanazamaaa!"

Bwana Shaban alipita akitembea upande wa pili wa barabara. Akavuka. Nikatia yai, likalala chini, nikasema maneno yangu nikitazama vifungo vya shati lake. Aliinama, akachovya kidole kwenye karai, akalamba, akafikiri.

"Mama Nduku," akasema, "ile habari ya Jumatatu iko vile vile." Akaenda zake. Mama Nduku akaitandaza tena leso juu ya trei zake, akailainisha kwa kiganja, halafu akanipa yai moja la kuchemsha na chumvi ndani ya kikaratasi. Chumvi niliirudisha.

Sasa hapa mtaani siitwi Omari tena. Nikipita, vijana wa bodaboda wanasema, "Niaje, Yanazama," na Mama Nduku, ambaye zamani hakuwa ananisemesha, siku hizi akiniona ananiuliza mbele ya wateja wote, uso mkavu kabisa, "Leo nikufungie ya kuelea ama ya kuzama?" Na inabidi nijibu, kwa sauti, la sivyo hanipi.

Kwenye kundi la simu sijaandika tena na sitaandika. Nikiwa na neno na mtu nitakwenda nimwambie usoni, hata kama itabidi nisimame nyuma ya nguzo mpaka jioni. Na maji yoyote nitakayoyakuta yametulia mahali, nitayaonja kwanza kabla sijayauliza kitu. Juzi nilionja ya kudekia sakafu. Sijali.